Deraya za Kubuniwa na Sarufi ya Mapambo: Uhakiki wa Mavazi ya Filamu ya Black Panther kwa Mtazamo wa Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuyapima maneno. Vazi, hata linapokuwa sehemu ya fani katika tamthilia, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja, kisha mjadala ukarejea kwenye mazungumzo ya wahusika. Makala haya yanakusudia kuhakiki sanaa ambayo matini yake ni vazi lenyewe, nayo ni uundaji na uvaaji wa deraya za bunilizi za kisayansi. Hizi ni zana na mavazi ya vita ya watu wasiokuwapo na dunia zisizokuwapo, yanayoundwa na watu wazima kwa mikono yao wenyewe, si kwa ajira, bali kwa kujifurahisha.

Mfano mkuu utakuwa mavazi ya filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa mwaka 2018. Mbunifu wa mavazi hayo, Ruth E. Carter, alitunukiwa Oscar mwaka 2019, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuipata tuzo hiyo ya ubunifu wa mavazi. Miongoni mwa jamii zilizotajwa kuwa chimbuko la kazi yake, pamoja na Wamasai, Wahimba, Wasotho, Watuareg, Wazulu na Wadinka, wamo Waturkana. Kwa hiyo si haki mavazi haya yahakikiwe London na Los Angeles pekee. Yanastahili pia kupimwa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapo, ambako Waturkana na Wadinka wamekuwa majirani tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sanaa ya deraya za kubuniwa ni sanaa ya usomaji kabla ya kuwa sanaa ya ufundi, na kwamba filamu hii iliusoma msamiati wa mapambo ya Waturkana bila kuisoma sarufi yake.

Swala la istilahi

Kiswahili hakikosi maneno ya kuingilia mjadala huu. Deraya na dirii yote mawili yana asili ya Kiarabu, ambako neno la msingi lilitaja vazi la chuma la askari. Chapeo, ambalo wasomaji wengi wamelikuta katika Biblia, limetokana na neno la Kireno la kofia ya kawaida, likapandishwa cheo na watafsiri hadi likawa kofia ya vita. Historia ya maneno haya yatosha kuonyesha kwamba vazi la vita limekuwa kitu cha kuazima tangu zamani, na kwamba kinachoazimwa hubadilika maana kifikapo ugenini.

Lakini fasihi ya Kiswahili ina mawazo yake pia juu ya deraya. Fumo Liyongo, shujaa mkuu wa masimulizi ya pwani, hakuhitaji vazi la chuma. Mwili wake wenyewe ndio uliokuwa deraya, na siri ya kuupenya ilikuwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa upande mwingine ziko ngoma za beni, zilizoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea bara, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa vyama kama Marini na Arinoti. Wachezaji wake walijishonea sare za kijeshi, wakajipa vyeo na kushindana kwa gwaride. Mtu aliyekuwa kuli mchana aliweza kuwa jemadari jioni. Hivyo si kweli kwamba kuvaa nguvu za mwingine kwa mchezo ni jambo lililoletwa Afrika Mashariki na sinema za Marekani. Watu wa beni waliivaa dola iliyowatawala, na kwa kuivaa wakaisoma, na pengine wakaicheka.

Chimbuko na kipimo cha mchezo huu

Historia ya mchezo wenyewe hutajwa kuanzia New York mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa bunilizi za kisayansi, ambako Forrest J Ackerman alihudhuria akiwa na vazi la wakati ujao lililoshonwa na mwenzake Myrtle R. Douglas. Mwaka 1983 Mjapani Nobuyuki Takahashi aliupa mtindo huo jina la kosupure, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo. Mwaka 1997 Albin Johnson alianzisha Marekani chama cha 501st Legion, ambacho wanachama wake huvaa deraya nyeupe za askari wa filamu za Star Wars na mavazi ya wahusika wengine wa upande wa maadui. Jijini Nairobi mavazi ya aina hii huonekana katika maonyesho ya vibonzo ya NAICCON.

Ufundi wake ni wa kustahiwa. Sponji ngumu, ya jinsi ile inayotandikwa sakafuni, hukatwa kwa vigezo vya karatasi, hupashwa moto ili ikubali kupinda, huunganishwa kwa gundi, kisha hupakwa rangi tabaka kwa tabaka hadi macho yaamini kwamba ni chuma kilichochubuliwa na vita. Siku hizi wengine hutumia mashine za kuchapa umbo zima kwa plastiki. Njia hiyo ilitumika pia katika filamu inayohakikiwa hapa, kwani taji la Malkia Ramonda, lililofuata kofia ya wanawake wa Kizulu iitwayo isicholo, lilichapwa kwa mashine kwa msaada wa mbunifu Julia Koerner.

Jambo la kuzingatiwa zaidi na mhakiki ni kipimo. Anayetaka kupokelewa katika 501st Legion hana budi kukidhi masharti yaliyoandikwa, na kila kipande cha deraya yake hulinganishwa na kile kilichoonekana katika filamu. Uaminifu kwa matini asilia ndio maadili ya mchezo huu, kama ulivyo kwa mhariri wa miswada ya kale. Lakini uaminifu huo hukomea kwenye skrini. Mwundaji wa deraya ya Dora Milaje, wale askari wanawake wa Wakanda, atahesabu shanga za filamu. Hakuna sharti linalomtaka aulize shanga hizo zilikuwa zikisema nini kabla ya kufika huko.

Sarufi ya mapambo ya Waturkana

Katika mapokeo ya Waturkana, mapambo husomwa. Pete ya chuma shingoni mwa mwanamke, alagama, hutangaza ndoa. Makovu yaliyochanjwa begani mwa mwanamume yalitoa habari za adui aliyemwua. Abarait, kisu cha duara kinachovaliwa kama bangili, ni zana, silaha na pambo kwa wakati mmoja. Makali yake hufunikwa kwa ala ya ngozi, nayo huondolewa panapotokea kazi au ugomvi. Kigoda cha kichwa, ekicholong, kilimhifadhia mwanamume msuko wake wa udongo alipolala.

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Lucasfilm na Andrew Ainsworth, kwamba chapeo ya askari wa Star Wars haikuwa sanamu, bali kifaa cha kutengenezea filamu, na kwa hiyo haikustahili ulinzi unaopewa sanaa ya uchongaji. Mahakama ililazimika kuchagua baina ya sanaa na kifaa. Mbele ya abarait uchaguzi huo hauna maana, kwa sababu uzuri wake na makali yake ni chuma kimoja.

Zaidi ya yote uko mgawanyo wa vizazi, ambao P. H. Gulliver aliueleza katika maandishi yake ya miaka ya 1950. Wanaume wa Turkana hugawanyika katika makundi mawili, Ngimoru, yaani Mawe, na Ngirisae, yaani Chui, na mapambo ya makundi hayo yalitofautiana. Mtoto wa kiume huingia katika kundi ambalo baba yake hayumo. Mwana wa Chui ni Jiwe, na mwana wa Jiwe ni Chui. Mjukuu ndiye anayeungana na babu yake. Huu ndio muundo unaofanya pambo la mtu mmoja liwe sentensi yenye maana, kwa kuwa linamweka mvaaji mahali pake kati ya waliomtangulia na watakaomfuata.

Filamu katika mizani hiyo

Haifai kuanza kwa lawama. Carter aliwavika Dora Milaje deraya inayofunika mwili na kufaa kwa vita, akaepuka desturi ya kuwaonyesha mashujaa wa kike nusu uchi. Pia aliyapa mavazi hayo sarufi ya ndani, kwani jemadari Okoye hutambulika kwa dhahabu, na askari walio chini yake kwa rangi ya fedha. Blanketi za Kisotho, udongo mwekundu wa Kihimba na isicholo ya Kizulu zinatambulika mara zionekanapo. Mchango wa Waturkana, kinyume chake, umeyeyuka katika wingi wa shanga na pete za shingo, hata ni vigumu kuunyoshea kidole. Lugha nayo imefuata mkondo huo. Watu wa Wakanda huongea Kixhosa, Kiturkana hakisikiki.

Hata hivyo kasoro iliyo kubwa imo katika kiini cha kisa. Shujaa wa filamu hii ni chui mweusi, na uchui wake ni urithi wa baba: T'Challa anavaa mnyama aliyevaliwa na T'Chaka. Kisha anagundua kwamba baba yake alimwua ndugu yake wa kuzaliwa, N'Jobu, na kumtelekeza mtoto wa marehemu. T'Challa anayakataa matendo hayo mbele ya baba na mababu, lakini anaendelea kuvaa mnyama yule yule. Deraya yake mpya inatofautiana na ya zamani kwa ufundi tu: dada yake Shuri ameiunda ijikunje ndani ya kidani. Mgogoro wa maudhui, yaani mwana anayeikana njia ya baba, haukupata sura katika vazi. Kwa sarufi ya Ngirisae na Ngimoru sura hiyo ingalikuwapo tayari, kwani mwana wa Chui hawezi kuwa Chui. Jamii iliyotajwa katika orodha ya vyanzo ilikuwa na jibu la tatizo zito kuliko yote katika kisa, na haikuulizwa.

Yaweza kujibiwa kwamba Wakanda ni nchi ya kubuni na msanii ana uhuru. Jibu hilo ni la haki. Waturkana wenyewe wameazima: shanga za kioo zilitoka viwanda vya ng'ambo, na vyuma vya mapambo vilifika kwa biashara. Tofauti ni kwamba shanga ilipofika Turkana iliingizwa katika sarufi iliyokuwapo, ikapewa kazi ya kusema. Shanga iliyotoka Turkana kwenda Wakanda imebaki na rangi yake pekee.

Kakuma: mchezo na silaha

Kakuma inaongeza uzito wa swala hili kwa njia mbili. Kwanza, kosi ya shanga ya wanaume wa Kidinka, iliyobana kiwiliwili na kushikwa mgongoni kwa waya, ni kitu kilicho karibu sana na deraya za kubuniwa kwa umbo. Na rangi zake zilitaja rika la mvaaji. Jamii mbili zilizomo katika orodha ya Carter zinaishi bega kwa bega, kila moja na sarufi yake. Kijana wa hapo atakaye kuunda deraya ana walimu wawili kabla ya kuitazama filamu, wala hakosi malighafi: mabati ya makopo ya mafuta ya msaada yamekuwa yakikunjuliwa na kuwa milango.

Pili, katika miji ya mbali silaha ya bandia ni mapambo ya vazi, na hata huko hukaguliwa mlangoni mwa maonyesho. Katika kaunti ambayo wizi wa mifugo umeua watu kwa bunduki za kweli, na ambako serikali ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi mwezi Februari 2023, bunduki ya sponji si jambo la kuchekewa, na mbele ya mtu aliyekimbia vita sare ya askari haiwezi kuwa vazi tupu. Hapa abarait inafundisha tena. Ala yake ya ngozi inatangaza kwamba mvaaji ana makali na ameyafunika. Mchezo wa deraya ukifika Lodwar au Kakuma utafaa uifuate kanuni hiyo, uonyeshe nguvu iliyofunikwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mavazi ya Black Panther ni kazi yenye ustadi mkubwa iliyoazima maneno mengi na kuacha kanuni za kuyaunganisha. Dawa yake si kuwakataza watu wa mbali kuvaa shanga, bali ni kukipanua kipimo cha uaminifu ambacho mchezo huu unajivunia, ili kivuke skrini na kufika kwenye chanzo. Kwa hilo panahitajika kitu ambacho wabunifu wa mavazi hawawezi kujitengenezea, nacho ni maelezo ya mapambo ya Waturkana na majirani zao, yaliyokusanywa kwa Kiturkana na Kidinka na kufasiriwa kwa Kiswahili, yakitaja si majina ya vitu pekee bali nani huvaa, lini, na nani haruhusiwi. Kazi hiyo ni ya idara za lugha, na wanaoweza kuifundisha ni wazee wa Lodwar na Kakuma wanaoisoma sarufi hii bila kamusi.