Mita 10 kwa Sekunde: Kikomo Kinalinda Nini?

Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya vinyunyizio vya moto, EN 12845, kinataka maji yasizidi kasi ya mita 6 kwa sekunde yanapopita kwenye valvu, kipima mtiririko au chujio, na yasizidi mita 10 kwa sekunde mahali pengine popote. NFPA 13 ya Marekani, inayosimamia kazi hiyohiyo, haina kikomo cha kasi hata kimoja. Mhandisi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kufanya kazi kwa kiwango kimoja mwezi huu na kwa kingine mwezi ujao. Basi ana haki ya kuuliza: kama kasi ni hatari, Wamarekani wameipuuza vipi? Na kama si hatari, Wazungu wa Ulaya wanaogopa nini?

Sababu zinazotajwa na mafundi bomba hazitusaidii sana hapa. Katika mabomba ya nyumba tunapunguza kasi ili yasipige kelele usiku na kona zisiliwe na maji mwaka baada ya mwaka. Lakini maji ya vinyunyizio husimama karibu maisha yao yote. Siku yakikimbia, yatakimbia kwa muda uliokadiriwa: EN 12845 hudai akiba ya dakika 30 kwa hatari ndogo, 60 kwa hatari ya kawaida na 90 kwa hatari kubwa. Kona hailiki kwa dakika 60, na jengo likiwaka hakuna anayelalamikia kelele.

Kinachozuia kasi ni kitu kingine, nacho huonekana mara tu hesabu inapofanywa. Tuchukue jengo la hatari ya kawaida, kundi la tatu kwa mpangilio wa Ulaya. Linahitaji milimita 5 za maji kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 216. Kila kinyunyizio kikihudumia mita za mraba 12, vyote ni 18, na kila kimoja kinatoa lita 60 kwa dakika. Jumla ni lita 1,080 kwa dakika. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa vinyunyizio vilivyo karibu na chanzo hupata presha zaidi na kumwaga zaidi.

Sasa tuyapitishe maji hayo kwenye bomba la chuma la milimita 50, lenye kipenyo cha ndani cha 52.5, urefu wa mita 30. Kasi inakuwa mita 8.3 kwa sekunde. Kwa kikomo cha Ulaya, bomba limefaulu. Lakini ukitumia kanuni ya Hazen na Williams, kwa namba C (ulaini wa ndani wa bomba) ya 120, msuguano unakula bar 0.148 katika kila mita, yaani bar 4.4 kwa mita zote 30. Presha hiyo ingetosha kupandisha maji mita 44 kwenda juu. Kinyunyizio cha mwisho, chenye K (namba ya utoaji wake) ya 80, kinahitaji bar 0.56 tu ili kitoe lita zake 60. Bomba limemeza karibu mara nane ya haja yake.

Badilisha liwe la milimita 80. Kasi inashuka hadi 3.8, na mita zilezile 30 zinapoteza bar 0.65. Hakuna aliyetaja kikomo hapa. Kilichofanya kazi ni hesabu ya presha: msuguano hukua takriban mara 3.6 kasi inapoongezeka maradufu katika bomba lilelile, na pampu ina gharama. Ndiyo maana NFPA 13 inaweza kunyamaza. Anayebana mabomba kupita kiasi huadhibiwa na pampu yake kabla mkaguzi hajafika.

Hata hivyo ukimya huo una dosari yake. Kanuni ya Hazen na Williams, iliyochapishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ni ya majaribio, na hufaa zaidi kwa kasi za kawaida za mabomba ya maji, karibu mita 1 kwa sekunde. Kasi ikizidi sana, hasa ndani ya bomba lililokwaruzwa na kutu, huanza kukadiria msuguano pungufu. Kutu pekee ina uzito: C ikishuka kutoka 120 hadi 100, msuguano hupanda kwa asilimia 40. Mita 10 za Ulaya nazisoma kama uzio unaomweka msanifu mbali na eneo ambalo kanuni yake haiaminiki tena. Kwa maoni yangu, ni uzio mpana mno kuitwa ulinzi.

Kikomo cha mita 6 kina hoja iliyo wazi zaidi. Ndani ya valvu na chujio njia ni nyembamba na maji hupindapinda, kwa hiyo presha hupotea kwa mkupuo na vipimo vya mtiririko huyumba. Kuhusu kishindo cha maji yanaposimamishwa ghafla, hakina uzito hapa: kinyunyizio kikishafunguka hakijifungi chenyewe, na NFPA 13 inataka valvu ya udhibiti isiweze kufungwa chini ya sekunde 5.

Mahali pa kuogopa kasi kwa dhati ni kwenye bomba la kuvutia maji kuelekea pampu. Huko presha ni ndogo tangu mwanzo. Ikishuka zaidi, maji hutoa vipovu vya mvuke vinavyopasukia kwenye feni ya pampu na kuila. Hapo Wamarekani hawanyamazi: NFPA 20, kiwango chao cha pampu za moto, imepanga ukubwa wa bomba hilo ili kasi isizidi takriban mita 4.6 kwa sekunde pampu ikitoa asilimia 150 ya uwezo wake. EN 12845 ni kali zaidi: mita 1.8 tangi likiwa juu ya pampu, na 1.5 pampu inapovuta kutoka chini. Kwa lita zetu 1,080, bomba la milimita 100 linapita kwa Wamarekani na linakataliwa Ulaya, kwa kuwa maji yangekimbia mita 2.2. Ulaya ingekupeleka kwenye bomba pana zaidi, chaguo ambalo ningelifanya hata bila kulazimishwa, maana majengo yetu mengi hutegemea tangi lake lenyewe na kina chake hubadilika.

Kwa hiyo mkaguzi anayepokea jedwali la hesabu asianze na safu ya kasi. Aanze na presha iliyobaki kwenye kinyunyizio cha mbali zaidi, kisha aende kwenye bomba la kuvutia. Na kama mkataba umetaja EN 12845, mita 10.2 ni kosa hata presha ikitosha. Mhandisi asijitetee kwa NFPA ambayo haimo kwenye mkataba.