Mti, Wimbo, Ukuta: Kuzuru Mahali Patakatifu pa Shinyanga na Geita

Mtu wa pwani anapokwenda ziara hana haja ya kuuliza sana njia. Kaburi la sharifu lina ukuta, pengine na kuba. Msikiti wa kale una kibla chake hata kama paa limekwisha kuporomoka. Na harufu ya ubani humlaki mgeni kabla hajavua viatu. Kwa hiyo mtu huyo akisafiri mpaka Shinyanga, akateremka na kuomba aonyeshwe mahali patakatifu pa Wasukuma, jambo la kwanza analolitafuta kwa macho yake ni jengo. Asipoliona, hurudi kwao na kuandika kwamba hakuna kitu. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu ukanda ule wa almasi na dhahabu, tangu Mwadui hadi Kahama na Geita, imeandikwa kwa macho ya mgeni huyo.

Kosa hilo si la macho peke yake. Ni kosa la mpangilio: ukuta umetangulizwa, na kile kilichouleta ukuta kimesahauliwa. Ili kosa lionekane wazi, inafaa kulipima kwa nchi ambayo kuta zake takatifu zimesifiwa kuliko nyingi duniani, yaani kusini mwa Bara Hindi, katika bonde la mto Kaveri, zilipo wilaya za Thanjavur na Tiruchirappalli. Msafiri anayezuru mahekalu ya huko hustaajabia mawe. Hekalu kuu la Thanjavur, lililojengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza na kukamilika yapata mwaka 1010, lina mnara unaoonekana kutoka mbali sana, na mwaka 1987 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mawe yale ni wageni waliochelewa. Karne tatu na zaidi kabla ya mnara huo, washairi wa Kitamil, Appar na Sambandar, na baada yao Sundarar, walikuwa wakitembea kutoka mahali hadi mahali, na kila walipofika walitunga wimbo wa kumsifu Shiva wa mahali hapo: wa mto huu, wa kichaka hiki, wa kijiji hiki na si kingine. Nyimbo zao zilikusanywa na kuitwa Tevaram. Zilitaja mahali zaidi ya 270, na orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ramani ya ziara. Rajaraja alipojenga, aliagiza waimbaji wa nyimbo hizo wawekwe hekaluni na walipwe, na agizo hilo likachongwa ukutani.

Aidha, kila hekalu la huko lina mti wake. Tiruvanaikaval, karibu na mji wa Tiruchirappalli, mti huo ni wa jamii ya mzambarau, uleule ambao watoto wa Unguja hutia midomo rangi kwa matunda yake. Na mapokeo yanasema kwamba mungu aliabudiwa chini ya mti huo. Basi mpangilio ni huu: kwanza mti, kisha wimbo, mwisho ukuta. Anayeanza na ukuta anaanza hadithi mwisho wake.

Wahindi waliovuka bahari kuja Afrika ya Mashariki walizileta hatua hizo zikiwa zimekunjwa pamoja. Hekalu la Hurumzi, katika Mji Mkongwe wa Unguja, halikusubiri mti uote. Vivyo hivyo wafanyabiashara waliofuata pamba hadi nchi ya ziwa. Mji wa Mwanza una mtaa ulioitwa kwa jina la hekalu. Katika ibada yao sanamu huombewa ipate pumzi, na ikiisha kupata pumzi, nyumba ya mungu imehamia hapo. Utakatifu wa namna hiyo husafiri. Ni kwa sababu hiyo mgeni huuona upesi, na ni kwa sababu hiyo pia anapokosa kuuona wa namna nyingine hudhani haupo.

Fasihi ya pwani nayo ina mfano wa upande wa pili, pale ukuta unapoanguka na wimbo ukabaki. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni ziara katika magofu ya Pate. Mshairi huusemesha moyo wake na kuupitisha katika majumba ya wakwasi waliokwisha kuondoka, ili ujifunze kutoidanganyikia dunia. Leo msomaji anayeijua Pate anaijua zaidi kwa utenzi huo kuliko kwa mawe yaliyosalia. Fundisho ni lilelile la Kaveri, ila limegeuzwa: neno ndilo linalopashika mahali pasipotee.

Kwa kipimo hicho Shinyanga na Geita zinasomeka vingine kabisa. Mti upo. Wasukuma wana desturi ya ngitili, eneo linalofungwa lisichungiwe wala kukatwa hadi wakati wake, na miongoni mwa ngitili na misitu midogo ya nchi hiyo ipo iliyotengwa kwa matambiko. Ukoloni ulifyeka misitu mingi ya Shinyanga ili kufukuza mbung'o. Pamba na mifugo vikamaliza sehemu nyingine. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maganjo yao, wakaacha nyuma makaburi na miti waliyokuwa wakiijua kwa majina. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 haukuleta desturi mpya. Uliwarudishia watu ile waliyokuwa nayo, na baraza la jadi, dagashida, likaendelea kuamua nani amevunja mwiko wa msitu na atozwe nini. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Taarifa za wataalamu ziliyahesabu majani, kuni na asali. Kwamba miti mingine iliachwa isimame kwa sababu wazee walikuwa wakisemeshwa chini yake, hilo ni la mshairi kuliona, na katika Kiswahili hajalionea bado.

Upo pia utakatifu unaokaa nyumbani. Masamva, yaani wazee waliotangulia, hujengewa vijumba vidogo uani, na ukoo ukihama vijumba hujengwa upya. Huo nao husafiri, kama mungu wa Hurumzi. Lakini mahali pa mtemi hapakusafiri. Mtemi ndiye aliyedaiwa mvua. Kaburi lake, ngoma zake na kilima chake vilikuwa kitu kimoja na afya ya nchi. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizieleza ibada za kumtawaza mtemi katika kitabu cha mwaka 1951, kwa Kiingereza. Utemi ulifutwa na sheria miaka michache tu baadaye, mwaka 1963. Kwa hiyo maelezo ya kina kuhusu jambo hilo yaliingia katika lugha ambayo wenyewe hawakuitumia kuombea mvua, na wala haikuwa lugha waliyoanza kuitumia shuleni watoto wao.

Na wimbo je? Wimbo upo tele, ila uko katika Kisukuma. Kila mwaka baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanjani. Mapokeo huvirudisha vyama hivyo kwa waganga wawili wakuu, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani kati yao ana dawa yenye nguvu. Wachezaji wawili husimama pande mbili, na hakimu ni miguu ya watazamaji: anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mtu wa pwani aliyelelewa na majibizano ya mashairi hana budi kulitambua jambo hili, kwamba ni uhakiki, tena uhakiki mkali usioruhusu upendeleo wa mhariri. Katika nyimbo hizo mpinzani hutajwa, mganga hutajwa, na vijiji na vilima hutajwa. Yaani kazi aliyoifanya Appar kando ya Kaveri inafanyika Usukumani mpaka leo, bila ya mfalme wa kuwalipa waimbaji.

Palipojaribiwa ukuta ni Bujora, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Padri David Clement, Mkanada, alijenga huko katika miaka ya 1950 kanisa la mviringo lililofuata nyumba ya Kisukuma, na kando yake yakaja makumbusho yenye ngoma za watemi. Ni jengo zuri, na mwezi wa Juni uwanja wake hujaa wachezaji wa Bulabo. Hata hivyo ngoma ya mtemi iliyowekwa itazamwe imebadilika hali. Zamani ililia, na watu wakajua kuwa jambo limetokea. Sasa inangoja mgeni aisogelee. Anayezuru Bujora na kudhani ameuona utakatifu wa Wasukuma amefika kwenye ukuta tu, tena ukuta uliojengwa kwa mapenzi na mtu mwenye altare yake mwenyewe.

Hapa ndipo uhakiki unapogusa damu. Kwa sababu Kiswahili hakikuuimba mti wala hakikuutafsiri wimbo, kimebaki na neno moja la kufunika yote: ushirikina. Neno hilo lilitoka katika elimu ya tauhidi, lenye maana yake na mipaka yake. Magazeti na maofisa walilichukua, wakalimwagia juu ya kila kitu: mzee anayemwaga pombe ya mtama kwa babu yake, mkunga anayejua mizizi, mpiga ramli anayemtajia mteja jina la jirani mchawi, na muuaji. Kisukuma hakiwachanganyi, nfumu ni mganga na nogi ni mchawi, na aliyewaita kwa jina moja angeitwa mjinga. Ukanda huo umeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Tangu mwaka 2007 ukashuhudia pia watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na watafiti wakaihusisha biashara hiyo na waliotafuta bahati ya dhahabu na ya samaki. Mwezi Januari 2009 serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi wote. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14. Mwezi Januari 2015 ikaja marufuku ya wapiga ramli.

Haitoshi kusema kwamba desturi haina hatia. Wauaji walitoka kwa mtu aliyewaambia kiungo fulani kina bahati, na mtu huyo alijiita mganga. Lakini neno linaloshindwa kumtenga mtu huyo na bibi mwenye mizizi halimsaidii hakimu wala halimwokoi bibi. Linamweka bibi karibu zaidi na panga. Mwandishi anayeandika ushirikina bila kuuliza nani, wapi na kwa nani, amewarahisishia kazi wapiga ramli, kwa kuwa nao hutaja bila kuthibitisha.

Yupo aliyeonyesha njia nyingine, naye alitoka ng'ambo ndogo tu ya maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesomea seminari ya Rubya, alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatolewa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akafariki mwaka 1981. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka hawana mtoto, na mganga wao anaitwa Kibuguma. Kitereza Mkristo hamsuti Kibuguma wala hamtukuzi. Anamfuata hatua kwa hatua: dawa gani, inaandaliwaje, mwiko upi, malipo yapi, maneno gani. Wako wasomaji waliolalamika kwamba riwaya ni ndefu na imejaa mambo madogomadogo. Lakini mambo madogo hayo ndiyo heshima yenyewe. Baada ya kurasa zile, hakuna anayeweza kumchanganya Kibuguma na mwindaji wa viungo vya watu.

Dhahabu imeifanya kazi hiyo iwe ya haraka. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, miaka mitano baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa hapo. Shimo la mgodi wa wazi halibomoi ukuta, linaondoa kilima. Sheria ya mwaka 1969 inajua namna ya kuhamisha makaburi na kulipa fidia, na mthamini anajua kuhesabu mabati na miembe. Lakini mahali ambapo si kaburi, si nyumba na si shamba, palipo na jiwe na kumbukumbu tu, atapaandika katika safu gani? Hapo Kiswahili kinapokosa neno, fidia nayo hukosa safu.

Na ajabu ni kwamba neno lipo, tena liko pwani. Watu wa visiwani hukiita mzimu kile kilicho pangoni na pango lenyewe pia. Huufunga mbuyu vitambaa vyekundu na vyeupe, na wakauacha mbuyu usimame. Makunduchi kila mwaka huikumbuka desturi hiyo hadharani. Kwa hiyo msomaji wa pwani anayekwenda Shinyanga hana sababu ya kutafuta kuba. Mkononi anao ufunguo aliopewa na bibi yake.

Kinachodaiwa kwa washairi ni kidogo na ni kigumu: kutembea kama walivyotembea wale wa Kaveri, kujifunza Kisukuma cha kutosha kuuliza jina la mti, na kutunga kwa ajili ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukuta ukija baadaye, na uje. Usipokuja, angalau siku kilima kitakapopelekwa kusagwa, watu watakuwa na kitu cha kumsomea mthamini.