Diski Moja ya Nje kwa Windows, Mac na Linux

Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani huja zimefomatiwa tayari kwa NTFS, mfumo wa faili ambao Microsoft waliutoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Ukiichomeka kwenye Windows, kazi inaendelea. Ukiichomeka kwenye Mac, faili zinaonekana, zinafunguka na unaweza kuzinakili, ila huwezi kuongeza wala kufuta hata moja. Mhariri wa video za harusi anayetumia Mac, akiletewa diski na mpigapicha mwenye Windows, hukwama hapo na kudhani diski ni mbovu. Diski ni nzima. macOS inasoma NTFS, lakini yenyewe haiandiki humo bila kuongezewa programu nyingine.

Dawa ya zamani ilikuwa FAT32 ya mwaka 1996, ambayo karibu kila kifaa huielewa, hata televisheni na redio za gari. Tatizo lake liko ndani ya muundo wenyewe. Kila faili lina sehemu ya kuandikiwa ukubwa wake, na FAT32 imeitengea sehemu hiyo baiti 4 tu. Namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295, kwa hiyo faili lililofika gigabaiti 4 haliingii, hata kama diski ina nafasi tele. Video ya saa moja hupita kiwango hicho bila shida.

Mwaka 2006 Microsoft walitoa exFAT, na sehemu ile ikapewa baiti 8. Mac ikaanza kuielewa mwaka 2010, katika toleo la 10.6.5. Kadi za SDXC za kamera nazo zikaifanya mfumo wao rasmi. Aliyebaki nje ni Linux, na kilichomzuia kilikuwa hataza, maana ufundi wa kuiandikia ulikuwepo. Watumiaji walilazimika kusakinisha programu ya pembeni. Agosti 2019 Microsoft wakachapisha maelezo kamili ya exFAT na kuunga mkono iingizwe Linux. Ikaingia katika kerneli 5.4 mwishoni mwa mwaka huo, na katika kerneli 5.7, mwaka 2020, nafasi yake ikachukuliwa na draiva iliyoandikwa na Samsung. Kwangu mimi, tangu hapo ndipo exFAT ilipostahili kupendekezwa kwa anayehama kati ya mifumo yote mitatu.

Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza vilivyomo. Kwenye Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua Format, kisha exFAT. Kwenye Mac, fungua Disk Utility na uchague Show All Devices ili uone kifaa chenyewe, siyo patisheni iliyo chini yake tu. Ukianza kukifomati kwa exFAT, utaulizwa pia aina ya jedwali la patisheni, na wengi hulipita bila kulitazama. Chagua GUID Partition Map. Jedwali la zamani, MBR, kwa kawaida huishia terabaiti 2, hivyo diski ya terabaiti 4 itapoteza nusu yake. MBR itumie pale tu diski inapokwenda kwenye televisheni au kifaa cha zamani kisichoielewa GUID. Kwenye Linux, andika lsblk kwanza, uitambue diski kwa ukubwa wake, ndipo utumie mkfs.exfat kwenye patisheni yake. Ukikosea herufi moja ya jina la diski, utafuta diski nyingine kabisa.

Lipo pia suala la klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili linaweza kupewa. Kwa diski iliyozidi gigabaiti 32, Windows hupanga klasta za kilobaiti 128. Video haziathiriki. Lakini mwenye faili 10,000 za maandishi, kila moja kilobaiti 3, ana megabaiti 30 za kazi zinazokalia zaidi ya gigabaiti 1.2.

Udhaifu unaonitia wasiwasi hasa ni mwingine. NTFS na ext4 ya Linux huandika kwanza katika daftari lao mabadiliko yanayokusudiwa kwenye muundo wa diski, ili umeme ukikatika katikati, kompyuta ijue iliishia wapi. exFAT haina daftari hilo. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika au kebo ikichomolewa wakati wa kunakili, folda nzima inaweza kuvurugika. Ndiyo maana nashauri exFAT iwe ya kusafirishia, na nakala ya asili ibaki kwenye diski nyingine. Mwenye Windows na Linux pekee abaki na NTFS. Tangu kerneli 5.15 ya mwaka 2021, Linux ina draiva ya kampuni ya Paragon inayosoma na kuandika humo.

Mwenye Mac awe macho na Time Machine, isiyohifadhi nakala kwenye exFAT. Itaomba ruhusa ya kuifuta diski, na ukikubali, kila kilichomo kinaondoka.

Ukimaliza kufomati, nakili faili moja linalozidi gigabaiti 4, itoe diski kwa utaratibu, kisha lifungue faili hilo kwenye kompyuta ya mfumo mwingine na ujaribu kulifuta kutokea huko. Likifunguka na kufutika, diski iko tayari kupokea kazi.