Mzigo wa Mwenzio

Kabla hajagusa mtungi hata mmoja, mzee yule hupitisha kiganja chini ya mkanda wa kifuani mwa punda wake. Anatafuta uvimbe, joto, mahali manyoya yalipolika. Akipapata, hukunja kipande cha gunia akakipachika hapo taratibu, kisha akakaza mkanda upya. Ndipo anapougeukia mkokoteni. Ni saa kumi na mbili asubuhi kando ya Barabara ya Naivasha, Kawangware. Makanga wameshaanza kuita abiria wa mjini, chapati zimeshaanza kunukia, nami nimesimama namtazama mtu akipakia maji.

Mitungi ya kwanza huiweka juu ya ekseli, inayofuata mbele kidogo, ya mwisho nyuma. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mitungi ishirini ni kilo 400, achilia mbali mbao na magurudumu. Akimaliza huzunguka mbele na kuinua ncha za mipini kwa vidole viwili. Ikigoma kupanda, mbele kumezidi na uzito utamkalia punda mgongoni njia nzima. Ikiruka yenyewe, nyuma kumezidi na mkanda utambana tumboni kila akipanda mwinuko. Basi huhamisha mtungi mmoja, akapima tena. Hakuna mteja anayemlipa kwa mtungi huo uliohamishwa.

Siku moja nilimuuliza, "Shikamoo mzee, mbona usiongeze mitano? Nafasi ipo."

"Marahaba. Nafasi ni ya mkokoteni, kijana wangu," akanijibu bila kugeuka. "Si ya punda."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo ni ya kutusuta: uzito ulio begani mwa mwingine huuoni, nawe ukiambiwa ni mzito unashangaa. Sote tumo ndani yake, mwenye duka, mwenye nyumba na mwenye gari. Lakini yupo mtu mmoja ambaye methali hiyo haimpati, naye ni fundi wa kupakia. Kazi yake yote ni kuuhisi uzito mahali ambapo yeye hayupo, chini ya ngozi isiyo yake. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu.

Mahali pa kuusifia ni hapa hapa, kwa sababu upande huu wa Nairobi umejengwa na mizigo. Mwaka 1890 Mwingereza Frederick Lugard aliweka boma Dagoretti, jirani na ilipo Kawangware ya leo, akakubaliana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Mwaka uliofuata likajengwa boma jingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Vitabu vya shule huyataja maboma hayo kama habari za siasa na bendera, na kweli zilikuwa hizo. Ila chini ya siasa kulikuwa na hesabu ya mpakiaji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata kilo 27. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu kilo 0.7. Gawanya mwenyewe: mpagazi aliyebeba chakula chake tu angekimaliza chote kwa siku zisizofika 40, na hangekuwa amefikisha kitu. Kila mgongo unaouongeza kwenye msafara umeongeza na tumbo. Msafara wa kutoka pwani hadi Uganda haukuweza kubeba chakula cha safari nzima hata kama wangeongezwa watu elfu. Ilibidi ununue njiani, na mashamba ya Wakikuyu ndiyo yaliyokuwa ghala. Boma la Dagoretti lilisimama pale ambapo vibaba vilikuwa vinakaribia kwisha.

Mbona hawakutumia farasi? Kwa sababu farasi hawakudumu. Ndorobo waliwaua kwa nagana, na penye nafuu ya ndorobo paliwangoja maradhi mengine yanayoitwa kwa jina la farasi wenyewe. Punda ni mgumu zaidi. Asili yake ni Afrika hii hii, alikofugwa tangu miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Hata hivyo katika nyika za ndorobo naye alidhoofika. Akabaki binadamu. Ndiyo maana Kiswahili kimejaa maneno ya mgongo na kichwa. Tuna ngata, ule mviringo wa nguo au majani unaowekwa utosini ili mzigo utulie. Tuna mzegazega, mzigo unaoning'inia kwenye mti mabegani mwa watu wawili. Tuna shogi, mfuko mpana wa ukili unaolazwa juu ya punda ukaanguka pande mbili sawa. Tuna mnyapara aliyegawa mizigo, na tuna methali ya kumpa Mnyamwezi mzigo mzito, ambayo ni sifa na dhuluma kwa pamoja.

Na tuna mtumba. Nenda Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Neno linalotajwa pale mara elfu kwa siku, mitumba, lilikuwa neno la misafara: mtumba ni bunda la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja. Nguo hizo zilipanda kutoka pwani kwenda bara mabegani mwa watu, zikalipa hongo ya kupita katika nchi za watu na kununua chakula. Leo robota huja kwa meli na lori, lakini kutoka barabarani hadi kibandani bado linakwenda juu ya mtu. Neno limebadilisha bidhaa, halikumbadilisha mchukuzi.

Mafundi wakuu kuliko wote wa mtumba, kwa maoni yangu, walikuwa wawili: Abdullah Susi na James Chuma. Bwana wao, mmisionari na mpelelezi David Livingstone, alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia nguo, wakautia ndani ya gome la mti na kuushonea turubai. Njiani wakapata habari kwamba mbele maiti isingeruhusiwa kupita. Wakaifungua na kuifunga upya, mara hii ikafanana na mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakatengeneza bunda jingine la mabua, wakalirudisha nyuma kwa heshima zote kana kwamba ndilo maiti. Februari 1874 walimfikisha Bagamoyo. Watu husimulia kisa hicho kama habari ya uaminifu, na ni kweli. Lakini uaminifu usiojua kufunga usingefika hata nusu ya njia.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901, misafara mirefu ikafa. Ikazaliwa safari ya kuwinda, na Nairobi ikawa mji wa kuipakia. Mwaka 1909 alikuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, na kampuni ya Newland, Tarlton ikamwandalia wapagazi zaidi ya mia mbili. Yeye alikuwa na farasi wa kupanda. Mizigo ilikuwa na watu. Alibeba tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Kama chumvi hiyo ingepandishwa yote vichwani, ingetaka migongo zaidi ya 130. Alibeba pia maktaba ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, katika kasha lililopungua kidogo kilo 27, yaani mzigo wa mpagazi mmoja barabara. Hapo namwona mpakiaji asiyetajwa jina, akimwambia mtu mkubwa kwamba vitabu vingapi vinakwenda haitaamuliwa na msomaji.

Ufundi huo bado upo Marekani yenyewe. Katika milima ya Colorado, Montana na Wyoming, watu huingia msituni kumwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hufikia kilo 300 na zaidi. Wapo wanaokwenda bila kiongozi, ila hukodi farasi au nyumbu wa mizigo, kwa kuwa mnyama wa ukubwa huo akianguka mbali na barabara hakuna mgongo wa mtu utakaomtoa kwa safari moja. Mpakiaji wa huko hutundika mifuko ya pande mbili kwenye mizani ya ndoano kabla ya kuipandisha, kila mmoja na mwenziwe, kwa sababu tofauti ndogo tu itavuta tandiko upande mmoja na kuchubua mgongo kabla ya mchana. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Kamba hupishana juu ya mzigo hadi zichore umbo la almasi, ili mvuto wa upande mmoja ukaze upande wa pili. Ukimtoa elki na theluji, mzee wa Kawangware angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Angeuliza swali moja tu: nyama ikipatikana, mmeacha farasi wa kuibeba, au wote wamekwenda na mahema? Ndilo swali linalomtenganisha fundi na mgeni. Mgeni hupakia safari ya kwenda. Fundi hupakia na ya kurudi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki zikaondoka na mahema yake, na wageni wakabaki na kamera. Ufundi wa mzigo haukuondoka, kwa kuwa haukuwa wa wawindaji tangu mwanzo.

Teremka nami Kibera, jina linalotokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, walikopewa makao askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Reli ya kuelekea Uganda inapita katikati. Reli iliua misafara, haikuua mzigo: pembeni mwake vichochoro ni vyembamba, lori halipiti, na kila debe la mahindi, kila bati, kila gunia la makaa na kila kitanda cha maharusi lazima kimalizie safari juu ya mtu au juu ya mkokoteni. Mtazame kijana wa mkokoteni akiteremka. Hana breki ya chuma. Ana kipande cha tairi kuukuu alichokipigilia chini, nyuma kabisa. Mteremko ukimzidi, huinua mipini juu, mkia wa mkokoteni ukalala chini, mpira ukasugua ardhi, na kilo mia kadhaa zikapunguza mwendo nyuma ya visigino vyake. Ili hilo liwezekane, mzigo lazima uwe umepangwa tangu sokoni kwa kujua kwamba kuna mteremko. Aliyepakia vibaya hatajua kosa lake pale alipopakia. Atalijua chini ya mlima, tena mwingine ndiye atakayelilipa.

Historia yetu ina ushahidi wa gharama hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wa nchi hii walikusanywa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, jina lililoacha alama yake Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi, njaa na uchovu. Katika Barabara ya Kenyatta kuna sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928, zenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Huwa nasimama mbele yake nikawaza kwamba mzigo wake uliamriwa ofisini, na watu ambao kwao ulikuwa usufi.

Punda naye ana vita vyake. Tangu mwaka 2016 machinjio yaliyopewa leseni nchini yalimgeuza ngozi ya kuuzwa China, inakochemshwa kutengeneza dawa, na wizi wa punda ukaenea hata mtu akaamka na kukuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Anayemtazama punda akaona ngozi amekosea mahesabu kama yule anayemtazama mkokoteni akaona nafasi.

Sisemi kwamba kazi hii ni nzuri. Inavunja viuno, malipo yake ni duni, na wapo wapakiaji wanaowatandika punda hadi damu. Ninasema kwamba ndani ya kazi hii ngumu wapo watu wanaoifanya kwa haki, na kwamba haki hiyo ina mbinu: kiganja chini ya mkanda, vidole viwili kwenye mipini, mtungi mmoja unaohamishwa bure. Wengi wanaotupangia mizigo, ya kodi, ya nauli, ya karo, hawana mbinu hata moja kati ya hizo.

Basi nina ombi dogo kwako, msomaji. Siku utakapomwita mtu wa mkokoteni Toi au Kawangware, kabla hujaanza kupunguza bei, inama uinue mtungi mmoja. Tembea nao hatua ishirini. Halafu useme bei.