Arizona 2009: Jeli Ilipoachwa

Mwaka 2009 maabara moja kubwa ya kibiashara Arizona ilianza kuripoti homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvu Coccidioides, kila kipimo cha elisa cha kingamwili kiliposoma chanya, bila kusubiri imunodifusheni, yaani kipimo cha jeli, ithibitishe. Uamuzi mbovu. Utetezi ulikuwa kwamba maabara nyingine zilishafanya hivyo. Sasa wengi wakikosea, kosa linakuwa sahihi?

Itazameni hatua iliyorukwa. Kwenye elisa mashine inapima rangi, namba ikivuka mpaka jibu ni chanya. Jeli inadai zaidi. Seramu ya mgonjwa na antijeni ya Coccidioides zinapenya kwenye agari mpaka zikutane, na mstari zinaouchora lazima uungane na ule wa seramu ya kulinganishia. Usipoungana, hapana. Kazi hiyo inataka muda na jicho la mtu aliyezoea, na ndiyo iliyoachwa. Mbaya zaidi ni kingamwili ya IgM inayokuja peke yake, bila ile ya IgG. Wataalamu walikuwa wakiibishania hata kabla ya 2009. Hapo ndipo jeli ilipohitajika kuliko popote!

Wagonjwa walioripotiwa Arizona mwaka 2008 hawakufika 5,000. Mwaka 2009 walizidi 10,000. Wangapi walitokana na vumbi la jangwani na wangapi na karatasi za maabara? Nimelilalamikia jimbo hili siku zote: linahesabu jibu la maabara bila kuuliza dalili.

Mtafiti wa ugonjwa huu Charles E. Smith wa California asingekubali. Mwaka 1956 alichapisha mwenendo wa vipimo 39,500, presipitini na komplimenti. Chanya tupu haikumtosha; aliifuatilia taita, yaani kiwango cha kingamwili kwenye damu. Ikipita 1:16 alihofia kuvu imetoka mapafuni na kusambaa, ikishuka alijua mgonjwa anapata nafuu. Mtafiti mwenzake Pappagianis akaishika kazi hiyo huko Davis, California, kwa uangalifu uleule. Leo tuna mashine za haraka, na subira yao hatuna.

Madaktari wa Tucson walioonyesha mwaka 2006 kwamba 29% ya wagonjwa wao wa nimonia ya mitaani walikuwa na homa ya bonde walifanya kazi safi: walianza na mgonjwa mwenye dalili, si na karatasi ya maabara.

Elisa na ibaki kuchuja, inafaa. Lakini IgM iliyo peke yake ipelekwe kwenye jeli, na damu ichukuliwe tena baada ya wiki mbili au tatu, kabla mgonjwa hajaandikwa kwenye hesabu ya jimbo.