Wimbo Uachwe Ufike Mwisho

Mpiga filamu za muziki mimi humpima kwa jambo moja: je, aliuacha wimbo ufike mwisho? Filamu nyingi za kitalii zinazopigwa kati ya Karatu na Kreta ya Ngorongoro haziuachi. Morani wanaruka, wimbo unasikika kwa sekunde chache, kisha sauti ya msimulizi inaufunika na kutuhamishia kwa simba. Mtazamaji hakumsikia olaranyani, kiongozi wa wimbo, akitoa mstari wake, wala wenzake wakiupokea kwa mngurumo wa koo, bila ngoma hata moja. Ameona miruko tu.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaoijua kazi hii, kwa kuwa wamejifunza kwanza kukaa. Mwaka 2008 ilitoka Throw Down Your Heart, filamu iliyoongozwa na Sascha Paladino. Inamfuata Mmarekani Béla Fleck, mpiga banjo, akizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kutafuta chimbuko la ala yake. Hapa Tanzania anakutana na Anania Ngoliga, msanii asiyeona, fundi wa ilimba na zeze. Wawili hao wanajibizana kwa ala, na anayetazama anapata nafasi ya kuwasikiliza. Profesa hahitajiki kutueleza ukubwa wa Ngoliga. Vidole vyake vinatosha.

Mapema zaidi, mwaka 1999, Waholanzi akiwamo Thomas Gesthuizen walitoa Hali Halisi, filamu fupi kuhusu rapu ya Tanzania. Jina lake ni lile lile la wimbo wa Mr. II, Joseph Mbilinyi. Wakati huo wazazi wengi waliiona rapu kuwa uhuni. Watengeneza filamu wao waliitazama kama chombo cha habari cha vijana wasio na gazeti wala redio ya kusemea. Mwaka 2010 Mbilinyi alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Filamu haikumfanya mbunge, ila iliichukua kwa uzito sauti ambayo wakubwa walikuwa wakiipuuza, na leo ukiitafuta Tanzania ya miaka hiyo utaipata humo bila kupakwa rangi.

Arusha nayo ilikuwa na kundi la X Plastaz. Albamu yao ya Maasai Hip Hop, iliyotoka 2004, ilichanganya mashairi ya rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Merege. Wapo wanaouita mchanganyiko kama huo kiini macho cha kuwavutia wageni. Sikubaliani nao. Sauti ya Merege inaubeba wimbo. Ukiiondoa, mdundo unabaki mtupu. Muziki wa asili uliingia mjini kwa miguu yake wenyewe, shuka begani.

Karatu nayo inangoja filamu itakayousikiliza muziki wake kwa uzito huo. Wilaya yake ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya tisini, na mji ukakua kandokando ya barabara iendayo Lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo sikio linapata utajiri huu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni za Kinailoti. Kihadza, chenye vidoko vyake, kinasimama peke yake. Juu ya hizo weka lugha za Kibantu za walioletwa na biashara, mashamba ya kahawa na vitunguu vya Mang'ola. Wote hao wanakutana sokoni, kanisani na stendi, na nyimbo zao zinasikilizana hata pale wenyewe wasipoelewana maneno.

Hapa ndipo ufundi unapohitajika hasa. Chukua slufay ya Wairaqw, dua ndefu ya kishairi ya kuombea amani na neema. Mzee anatamka, watu wanaitikia, naye anaendelea, wanaitikia tena. Mhariri mwenye haraka ataona viitikio vile ni marudio, atakata. Akishakata, amebaki na mzee anayesema peke yake, kama mhubiri ndani ya kanisa tupu. Dua yenyewe imekufa, kwa sababu nguvu yake ni ule umati unaoikubali. Mtu wa sauti naye lazima ajue hivyo mapema, aweke maiki ya pili upande wa wanaoitikia, na aivalishe manyoya dhidi ya upepo wa nyanda za juu.

Kisha kuna wakati kamera inapaswa kuzimwa. Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi hucheza epeme usiku usio na mwezi, gizani, moto ukiwa umezimwa. Wanaume hucheza mmoja mmoja, njuga mguuni, wanawake wakiimba. Giza ni sehemu ya ibada. Anayeleta taa ili apate picha safi amekwisha kuharibu alichokuja kukitafuta. Fundi wa kweli ataomba ruhusa ya kunasa sauti, na akinyimwa ataondoka na heshima yake.

Na kazi yenyewe haitaki kungoja. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti, na wengi wakaja kuishi Ngorongoro. Tangu Juni 2022 kaya zimekuwa zikihamishwa tena, safari hii kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Kuhusu hilo tumesoma taarifa za serikali, hoja za wanasheria na ripoti za watetezi wa haki, nazo zina umuhimu wake. Lakini wimbo una watu wake: yupo anayeuanzisha na wapo wanaoupokea. Wanaoupokea wakigawanyika, mmoja akabaki Endulen na mwenzake akawa Msomera, wimbo unabadilika. Badiliko hilo halimo katika ripoti yoyote niliyosoma. Litajulikana tu na atakayezifuata sauti hizo pande zote mbili, kwa miaka.

Vijana wa Karatu mnaopiga video za harusi na za kwaya, mna kamera tayari na lugha mnazijua. Mpigeni picha olaranyani, mpigeni mzee wa slufay, mpigeni na kijana anayerapu kwa Kiiraqw. Andikeni majina yao kamili mwishoni mwa filamu, wapeni nakala kabla hamjaipeleka popote, na msikate wimbo kabla wao hawajaumaliza.