Chachu ya Togwa na Fangasi wa Wodini: Uhakiki wa Istilahi za Chachu Zisababishazo Maradhi

Mbeya na Iringa, neno chachu lina sifa njema. Chachu huifanya togwa ichachuke na ulanzi ukolee. Hata katika hotuba husikika "chachu ya maendeleo". Fangasi, kwa upande wake, limefungwa kwenye ugonjwa: fangasi wa miguuni, wa kinywani, wa ukeni. Uhakiki huu unadai kwamba mgawanyo huo wa kimsamiati unapingana na ushahidi wa kisayansi, na kwamba gharama yake humwangukia mgonjwa.

Mugula na wenzake (2003) walibaini katika togwa ya Tanzania chachu kadhaa, mojawapo ikiwa Issatchenkia orientalis. Douglass na wenzake (2018) walilinganisha jenomu wakaonesha kwamba chachu hiyo ndiyo Pichia kudriavzevii ya viwandani, na ndiyo Candida krusei ya hospitalini. Spishi hii, kwa asili yake, ni sugu kwa flukonazoli, dawa inayotumika sana dhidi ya fangasi. Kwa hiyo, majibu ya maabara yanayoishia kwenye neno "fangasi" hayamwongozi tabibu katika kuchagua dawa.

Huenda ikadaiwa kuwa Kilatini kinatosha. Mfano wa Candida auris unadhoofisha dai hilo. Ilielezwa nchini Japani mwaka 2009 kutokana na sampuli ya sikio, ikapewa jina la sikio. Baadaye ikaripotiwa katika damu ya wagonjwa, Kenya ikiwemo. Mashine za utambuzi zimewahi kuidhania Candida haemulonii, na mwaka 2024 ilipendekezwa ihamishiwe jenasi ya Candidozyma. Kuita kiumbe kwa kiungo kilikopatikana, basi, ni kasoro ya Kilatini na Kiswahili pia.

Inapendekezwa chachu iwe istilahi kuu, ikifuatwa na jina la spishi: chachu krusei, chachu auris. Mahali pa maambukizi patajwe kando. Pingamizi lililopo ni kwamba wanywaji wa togwa wataingiwa na hofu. Hofu hiyo huondolewa kwa maelezo: spishi hii hudhuru hasa wenye kinga dhaifu na waliolazwa kwa muda mrefu. Kuficha undugu wa chachu hizi hakumlindi mnywaji, na humwacha muuguzi bila neno la kumweleza mgonjwa kwa nini dawa ya awali haikufua dafu.